Ukungu wa Bondeni

Ukungu wa Novemba katika bonde la Danube hauji kutoka popote. Unazaliwa palepale. Usiku ukiwa mweupe, bila wingu wala upepo, ardhi ya bondeni hupoteza joto lake kuelekea angani, na hewa iliyolala juu yake hupoa pamoja nayo. Hewa iliyopoa haiwezi tena kubeba mvuke wote iliokuwa nao mchana. Unaozidi hugeuka matone, na matone hayo ni madogo kiasi kwamba upana wa moja ni sehemu moja au mbili tu za mia za milimita. Mto nao, ambao maji yake hayajapoa kama hewa ilivyopoa, unaongezea mvuke wake. Kufika alfajiri, mji wa Ulm, kusini mwa Ujerumani, hauonekani.

Wageni huja Ulm kwa ajili ya kanisa lake kuu, Münster, lenye mnara wa mita 161 na ushei uliokamilika mwaka 1890. Kwa zaidi ya karne moja, hadi mwaka 2025, hakukuwa na kanisa lolote duniani lililouzidi kimo. Asubuhi ya mwisho wa Novemba unaweza kusimama uwanjani mbele ya mlango wake usijue kama juu yako kuna mnara au hakuna. Mawe ya chini yapo, madirisha ya kwanza yapo, kisha jengo linakoma hewani. Wataalamu wa hali ya hewa wamekubaliana kwamba ukungu ni ukungu pale macho yanaposhindwa kuona kilichoko mita 1,000 mbele. Hapa kando ya mto kuna asubuhi ambazo mita 50 ni nyingi.

Hizo ndizo asubuhi ninazozisubiri mwaka mzima. Mwisho wa msimu wa mapukutiko una ukarimu mmoja kwa mpiga picha: jua linachelewa. Linachomoza karibu saa mbili kasorobo, na kabla ya hapo kuna muda mrefu wa mwanga usiojulikana ulipotoka, wa rangi ya samawati iliyopauka, ambao haumtupii mtu kivuli. Majani yameshaanguka karibu yote. Yaliyobaki yamelowa na yana rangi ya kutu. Hakuna maua, hakuna kijani cha kuvutia jicho, hakuna anga. Anayetembea na kamera saa hiyo hana cha kutegemea ila maumbo na nafasi iliyopo kati yake.

Na nafasi hiyo ndiyo iliyonifanya nizipende picha hizi kuliko nyingine zote. Kando ya njia inayofuata ukuta wa kale wa mji, kuelekea mto unakoteremkia, kuna safu ya miti mirefu iliyopandwa kwa mstari. Siku ya jua safu hiyo ni kitu kimoja: matawi ya mti huu yanaingia katika matawi ya ule, na nyuma yake nyumba, na nyuma ya nyumba kilima, vyote vimebanana kwenye picha kana kwamba vimebandikwa ukutani. Ukungu ukishuka, miti inaachana. Wa kwanza ni mweusi, unaona hadi mikwaruzo ya gome lake. Wa pili ni kijivu. Wa tatu umebaki umbo. Wa nne huwezi kuapa kwamba upo. Watu husema ukungu unaficha, nami nilisema hivyo kwa muda mrefu, lakini tazama tena: hatua ishirini zilizoko kati ya mti na mti zimeonekana kwa mara ya kwanza. Kitu kilichokuwa wazi mno hata kisionekane, yaani umbali wenyewe, sasa kina rangi, na rangi hiyo inapimika kwa jicho.

Mtu aliyeishi maisha yake karibu na watu wake anaweza kuliona hili kuwa jambo la ufundi tu. Kwetu sisi tuliohamia mbali, umbali ndio habari ya kila siku. Tunaubeba sokoni, kazini, kwenye treni, na hakuna anayeuona. Asubuhi ya ukungu unatoka nje na kuukuta umesimama barabarani, mweupe, na kila mtu anapita ndani yake.

Kamera peke yake hailielewi jambo hili, lazima uisaidie. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani yake kimeundwa kwa kudhani kwamba chochote kilichoko mbele kina wastani wa kijivu. Kikikutana na weupe mtupu, kinaona mwanga ni mwingi na kinaupunguza, na asubuhi yako inatoka kama jioni ya mvua. Inabidi umwage mwanga zaidi, hatua moja nzima na pengine theluthi juu yake, bila kufikia mahali ambapo weupe unakuwa karatasi tupu. Fokasi ya kujiendesha nayo inahangaika. Inatafuta mstari wa kushika, haiupati, lenzi inakwenda mbele na kurudi. Heri kuzungusha kwa mkono, polepole, ukiutumia ukingo wa tawi au nguzo. Lenzi ndefu huvuta pamoja tabaka za kijivu zilizopangana na kuzifanya zisomeke. Lenzi pana inadai uwe na kitu cha karibu, cheusi, kilichosimama imara, vinginevyo utarudi nyumbani na weupe mtupu. Ukimaliza, kabla ya kuingia kwenye joto la nyumba, ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki na uiache humo mpaka ipate joto, maana kinachotokea bondeni usiku kinatokea pia juu ya kioo cha lenzi baridi.

Kinachohitaji subira zaidi ya vyote ni kukaa mahali pamoja. Ukungu wa bondeni hautulii kama unavyoonekana kwa mbali. Unapita kwa mikunjo, unafunguka kwa nusu dakika, unafunga. Pale mto mdogo wa Blau unapoingia Danube husimama korongo wa kijivu, mara nyingi peke yake, kwenye maji yasiyofika goti lake. Ukimjia kwa haraka anaondoka. Ukichuchumaa na kuacha ukungu ukupite, unaanza kumwona kwa awamu: kwanza mstari mweusi wa nyuma ya jicho, kisha shingo, kisha miguu ambayo dakika moja iliyopita ungedhani ni matete. Asubuhi moja niliona tone la maji likining'inia kwenye ncha ya mdomo wake. Lilikuwa dogo, lakini lilikuwa limebeba mwanga wote wa asubuhi ile, ukingo wa mto ukiwa umepinduka ndani yake. Hakulitikisa. Alikuwa anaangalia maji. Sijui nilibonyeza mara ngapi. Picha niliyobaki nayo ni ile ambayo korongo yumo nusu tu, tone lipo, na kilichobaki ni hewa.

Wapo waliolielewa hili bila kamera, karne nyingi kabla yetu. Mwishoni mwa karne ya 16 mchoraji wa Japani, Hasegawa Tōhaku, alichora misonobari ndani ya ukungu kwenye jozi ya viambaza vya karatasi, kwa wino mweusi peke yake. Leo viko kwenye Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Sehemu kubwa ya karatasi hajaigusa. Miti inatokea hapa, inapotea pale, na mahali pasipochorwa ndipo unapoona hewa yenye unyevu ikisogea. Nadhani kila anayepiga picha za ukungu angepaswa kuzitazama kazi hizo kabla ya kununua lenzi nyingine, kwa sababu zinafundisha jambo gumu kuliko yote, nalo ni kuacha.

Karibu zaidi na hapa, Prague, kulikuwa na Josef Sudek. Alizaliwa 1896, akapoteza mkono wake wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akaishi kwa kupiga picha akitumia kamera kubwa nzito ambazo hata mwenye mikono miwili hulalamika kuzibeba. Kuanzia mwaka 1940 hadi 1954, miaka ambayo mwanzo wake ulikuwa wa vita na jeshi la kigeni mjini, alipiga tena na tena dirisha la chumba chake cha kazi. Kioo mara nyingi kimejaa umande, au kimeganda barafu, na nyuma yake kuna mti mmoja uliopinda. Hakwenda popote kutafuta ukungu. Pumzi na joto la chumba chake vilimletea. Nikizitazama picha hizo sihisi huzuni ambayo watu husema wanaihisi. Ninachokiona ni mtu aliyekubali kwamba kioo kilichoko kati yake na dunia ni sehemu ya dunia, akakipiga picha nacho.

Hapa ndipo ninapotofautiana na picha nyingi za ukungu ninazoziona, hata nzuri. Mti mmoja, benchi tupu, mtu mwenye mwavuli ameipa kamera mgongo. Mpangilio huo umeshakubalika kuwa ndiyo huzuni, na mpiga picha anauchukua kama ulivyo. Hasumbuki kuuliza yule mtu anakwenda wapi na mwavuli wake. Ukungu umetumika kurembesha hisia iliyokuwapo kabla ya asubuhi kuanza.

Sisemi kwamba Novemba ya huku haina uzito wake. Inao. Mwezi unaanza na sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakienda makaburini na mishumaa iliyofunikwa kwa vikombe vyekundu, na kwa Waprotestanti unaelekea mwisho kwa Jumapili ya kuwakumbuka marehemu, kabla ya majilio kuingia. Makaburi ya huku mwezi huo yana uzuri wa pekee: taa ndogondogo nyekundu zinazowaka ndani ya weupe, na watu wanaozungumza kwa sauti ya chini. Jua linazama saa kumi na nusu jioni. Kuna siku hewa baridi inalala bondeni na hewa ya joto inaifunika kwa juu kama kifuniko cha sufuria, ukungu haupati pa kutokea, na wiki nzima hupita bila mtu kuona kivuli chake mwenyewe. Miili ya watu inalihisi hilo. Mwaka 1984 daktari wa akili Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani walieleza kwa mara ya kwanza kitaalamu sonona inayorudi kila mwaka siku zinapofupika, na wakajaribu kuitibu kwa taa kali. Kwa aliye nayo, ukungu si pambo. Nimekaa na rafiki ambaye mwezi huo hawezi kuinuka kitandani, na sikuthubutu kumwonyesha picha hata moja.

Ila huzuni hiyo haitoki kwenye ukungu wenyewe, na ninalijua hilo kwa sababu nimekulia ndani ya ukungu mwingine.

Lushoto iko kwenye milima ya Usambara, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukungu wa kule unasafiri. Hewa yenye unyevu inatoka Bahari ya Hindi, inavuka nyika, inakutana na mlima na kulazimika kupanda, na inapopanda inapoa na kuwa wingu. Tunachokiita ukungu kule ni wingu lililogusa ardhi. Unaliona likija. Wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, mtoto anayesimama ukingoni mwa kijiji anaweza kulitazama likipanda bonde, likimeza shamba la kabichi la chini, kisha miti ya mapera na mapeasi, kisha nyumba ya jirani, kisha yeye. Kwenye msitu wa asili miti inalichuja wingu hilo kwa majani na kuvumwani kwenye magome yake, maji yanadondoka hata siku isiyo na mvua. Watoto wanakwenda shule na sweta, kina mama wanateremka na mizigo kuwahi gari la mboga, na sauti zinawatangulia: unamsikia mtu akikuamkia kabla hujamwona, nawe unaitikia kwa kubahatisha kama ni mkubwa au mdogo wako. Hakuna anayeomboleza. Ni asubuhi ya kazi.

Kwa hiyo mama yangu, ambaye bado yuko kule, hazisomi picha zangu kama wanavyozisoma watu wa hapa. Niliwahi kumtumia moja kwa WhatsApp, niliyoipigia kwenye Herdbrücke, daraja linalounganisha Ulm na Neu-Ulm ya ng'ambo. Ndani yake kuna reli ya daraja inayoingia weupeni, taa moja ya barabarani ambayo bado inawaka, na mtu. Jioni mama alinipigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo picha nimeiona. Huko nako kuna ukungu?"

"Upo, mama. Mwezi mzima huu."

"Mahindi yatakauka lini?"

Nikamwambia hapa wameshavuna, mashamba ni matupu. Akanyamaza kidogo, nadhani alikuwa ameirudia picha.

"Huyu mtu wa darajani anakuja au anakwenda?"

"Sijui, mama. Ukungu ulikuwa mzito."

"Na wewe ulikuwapo?"

"Nilikuwapo. Nilibonyeza, nikainua macho, sikumwona tena."

"Basi tuseme anakuja," akasema, na akaanza kunieleza habari za paa la jikoni.

Niliifungua picha ile kwenye kioo kikubwa usiku huohuo. Kweli haijulikani. Miguu imeingiliana, uso haupo, koti limeanguka sawa mbele na nyuma. Mimi nilikuwa nimeihifadhi miongoni mwa picha za kuondoka, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokuwa siku ile. Mama hakuwa na siku ile. Alikuwa na mwanawe aliye mbali, na mtu darajani. Tangu hapo sipangi tena picha hizi kwa majina ya hisia. Nazipanga kwa mahali na saa, na kila anayezitazama nasikiliza anaulizia nini.

Watu wa hapa, ukungu ukizidi, hupanda. Ni jambo linaloeleweka. Kaskazini mwa mji uwanda wa juu wa Schwäbische Alb unaanza, na mara nyingi mwendo mfupi wa gari unakutoa kwenye kijivu na kukutupa kwenye jua kali, anga ya buluu, na chini yako bahari nyeupe iliyojaa bonde zima. Mnara wa Münster wenyewe una ngazi 768, na kuna siku anayezipanda hutokeza juu ya ukungu na kukuta ncha za majengo marefu tu zimebaki. Picha za namna hiyo zina ukoo wa heshima. Caspar David Friedrich alichora mnamo mwaka 1818 mtu aliyesimama juu ya mwamba akiutazama ukungu chini yake, na mchoro huo ulioko Hamburg umenakiliwa na wapiga picha wasiohesabika, kwa kujua na kwa kutojua. Nami nimepanda, nimepiga, na zimependeza. Lakini kule juu ukungu umegeuka mandhari, kitu cha kutazamwa na mtu aliye mkavu. Umbali haupo tena kati ya kitu na kitu, umekuwa sakafu. Ninarudi chini kabla haujayeyuka.

Maana unayeyuka, na kwa maana zaidi ya moja. Saa nne, saa tano asubuhi, jua likipenya vya kutosha kuipasha ardhi moto, matone yanarudi kuwa mvuke na miti inabanana tena. Hiyo ni kila siku. Kuna kuyeyuka kwingine kwa polepole zaidi. Mwaka 2009 Robert Vautard, Pascal Yiou na Geert Jan van Oldenborgh walichapisha katika jarida la Nature Geoscience uchunguzi wa kumbukumbu za vituo vya hali ya hewa barani Ulaya, wakaonyesha kwamba hali za ukungu na utusitusi zilikuwa zimepungua kwa karibu nusu katika muda wa miaka 30. Walilihusisha hilo na kupungua kwa moshi wa salfa kutoka viwandani na kwenye mitambo ya makaa ya mawe. Tone la ukungu linahitaji chembe ya kuanzia. Hewa ikiwa safi, chembe zinakuwa chache, na mvuke haupati pa kushika kwa wepesi uleule.

Ninafurahi kwa hilo, bila kusita. Uzuri ambao Claude Monet aliufuata London kati ya 1899 na 1901, akichora madaraja ya Thames na Bunge katika rangi za zambarau na machungwa, ulikuwa kwa sehemu kubwa moshi wa makaa, na ni moshi wa aina hiyo uliotanda juu ya London kwa siku tano mwezi Desemba 1952 na kuua maelfu ya watu: serikali ilikadiria 4,000, na hesabu za baadaye zikakaribia 12,000. Sheria ya Hewa Safi ya 1956 ilitokana na vifo hivyo. Hakuna picha inayostahili pafu la mtoto. Ukungu unaobaki katika bonde la Danube ni wa maji zaidi na wa moshi kidogo kuliko ule wa babu za wenyeji wa hapa, na ndio ninaoutaka.

Kwa hiyo nimejiwekea kazi ndogo isiyo na ufundi. Mwisho wa kila Novemba nasimama mahali palepale pa ukuta wa mji, urefu uleule wa stendi, lenzi ileile, na kupiga ile safu ya miti saa ya ukungu mzito kuliko wote niliobahatika kuupata. Nyuma ya kila picha ninayoisafisha naandika tarehe, saa, na mti wa mwisho ulioonekana. Mwaka juzi ulikuwa wa nne, mwaka jana wa sita. Miaka miwili haithibitishi chochote, na kipimo changu si cha maabara, lakini miti ile bado michanga na ukuta una karne nyingi. Atakayesimama hapo baada yangu, akiihesabu na kufika wa tisa au wa kumi, atakuwa na cha kulinganishia.